Mwaka wa Nyumba ya Magurudumu

Juzi tulimzika Ndunge kule Kola. Kijana aliyesoma historia ya marehemu alisoma vizuri, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kwamba baada ya mumewe kufariki mama huyu aliendelea kuishi kwa utulivu chini ya uangalizi wa familia ya mumewe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya tenti, nimekunja uso, na mama wa kando yangu akanigusa goti. "Mbithe, ni tumbo?" akauliza. Nikamwambia tumbo langu liko sawa, ni huo uwongo ndio hauko sawa. Nilisimama nikamwendea mwendesha shughuli, nikamwomba maikrofoni. Akaniambia programu imejaa, na marafiki wa marehemu wote watasalimia kwa kupunga mkono. Nikapunga mkono kama mtoto wa nasari, nikarudi kukaa. Sasa niko nyumbani kwangu, hakuna programu, na hakuna mtu wa kuninyang'anya kalamu. Sitasimulia nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi kwetu. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule ambao Ndunge aliutumia barabarani, akilala palipompendeza, na mimi nikiwa naye.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule na matokeo hayakunipeleka popote, na nyumbani walikuwa wameanza kuniangalia vile mtu huangalia mahindi yaliyokauka shambani. Ndunge alikuwa akinifundisha kushona katika chumba kimoja mjini Machakos, nyuma ya gereji ya mumewe, Mutinda. Huko gereji ndiko ilikokuwa ile karavani. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake la ng'ombe upande wa Athi River aliivuta hadi pale itengenezwe, akaenda zake ng'ambo na hakurudi. Ilikaa miaka, kuku wakitaga ndani yake, mpaka Mutinda na mkewe walipoanza kuifufua kidogo kidogo jioni baada ya kazi. Waliweka sakafu mpya ya mbao, dari ya plaiwudi, na benchi mbili zinazofunguka kuwa vitanda. Walisema watakapozeeka wataizunguka Kenya nayo. Mutinda hakuzeeka. Aliugua muda mfupi tu, tukamzika, na kabla udongo wa kaburi haujatulia kaka zake wawili wakaja mjini.

Nilikuwa chumba cha nyuma nikipiga pasi, na ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila neno. Kilonzo, mkubwa, alizungumza kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Vyombo vya gereji vitakuja nyumbani. Pikapu itakuja nyumbani. Hiyo nyumba ya kuvutwa pia, wataitia mbuzi. "Na wewe tutakupa chumba nyuma ya kwa Muia," akamalizia. "Muia atakuangalia." Muia alikuwa mdogo wake, mtu mzima mwenye mke na watoto, na alikuwa amekaa palepale akichezea kofia. Ndunge akauliza, "Aniangalie kama nani?" Kisha Kilonzo akasema, "Wewe si mtoto, Ndunge. Unajua." Ndunge akajibu kwamba amesikia. Wao walidhani amekubali, kwa sababu kwao mwanamke akisema amesikia basi maneno yamekwisha. Asubuhi moja baada ya hapo nilifika kazini nikakuta karavani imefungwa nyuma ya pikapu, cherehani iko ndani, vitambaa viko ndani, na Ndunge amekaa mbele ya usukani akiwa amevua viatu, maana alikuwa haendeshi gari akiwa na viatu. Mimi nilikuwa nimeshika pasi ya makaa niliyokuwa nimetoka kuiazima kwa jirani. "Ingia kama unaingia," akaniambia. "Kama huingii, nipe hiyo pasi, nitairudisha nikirudi." Niliingia na pasi yangu. Watu wengi wameniuliza kama nilifikiri kwanza. Sikufikiri, na sijawahi kujuta, na sidai kwamba nilikuwa na busara.

Ile karavani ilikuwa ndogo kuliko choo cha hoteli za siku hizi, lakini sijaishi katika nyumba iliyonitosha kama ile. Ukiingia, cherehani ilikuwa kwenye meza chini ya dirisha, ili Ndunge ashone akiangalia nje. Upande wa kulia kulikuwa na kabati lenye mlango wa wavu, humo mlikaa chumvi, sukari, majani ya chai na mkate kama upo. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa chini ya benchi. Pazia lilikuwa leso mbili za Ndunge, na ndani mlinukia mafuta ya cherehani, moshi wa jiko na sabuni ya mche. Mchana tulikuwa fundi na msaidizi wake. Usiku tulifungua benchi, tukalala kila mtu ubavu wake, na Ndunge alikoroma kama lori linalopanda mlima. Asubuhi hakutaka kuongeleshwa mpaka anywe chai, na chai yake ilikuwa na sukari ya kuua. Mshono ukienda kombo alinifumulia wote, akanirushia kitambaa mapajani bila neno. Tulienda kutoka soko hadi soko, kutoka kanisa hadi kanisa, tukishona sare za shule na za akina mama. Hatukukodi chumba hata mara moja. Jioni ikikaribia, Ndunge aliangalia kushoto na kulia mpaka apate mahali penye kivuli na udongo mgumu, akasimamisha gari na kusema, "Hapa panatutaka." Tukitoka tulifagia, na mawe ya jiko tuliyarudisha tulikoyatoa. Nasikia sasa kuna vijana wa Nairobi wanaokuja na magari yao kulala porini wikendi, wanajipiga picha, na wanaitwa wajasiri. Na wawe. Ndunge aliitwa majina mengine.

Majina hayo niliyasikia vizuri kule Tala. Tulikuwa tumemaliza siku ya soko, na mimi nikaenda kununua vitunguu kwa mama mmoja aliyekuwa akiongea na mwenzake bila kuniona. "Eti analala msituni," mmoja alisema. "Mjane mzima. Hana boma, hana mlango." Mwenzake akacheka, akasema mlango anao, ila unatembea. Kisha wa kwanza akapunguza sauti. "Na shemeji zake walikuwa hapa asubuhi wakimuulizia. Wamekodi trekta." Nilisahau chenji. Nilirudi mbio nikamkuta Ndunge akifunga vitambaa, nikamweleza. Alimaliza kufunga fundo lake, akalivuta kuona kama limekaza. "Trekta huenda polepole," akasema. "Tulale, kesho twende Kivaa kama tulivyopanga. Kina mama wa Kivaa wananingoja, askofu anakuja kwao na sare hazijaisha. Mimi sitorokei mtu, Mbithe. Mimi naenda kazini."

Siku hiyo ya kwenda Kivaa naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Tuliondoka ardhi ikiwa bado na baridi, tukashuka Yatta, na jua lilipopanda lami ikawa inameta mbele yetu kama maji. Ndunge aliendesha taratibu, kiwiko nje ya dirisha, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti isiyokuwa na uhusiano wowote na wimbo. Tulipita Matuu tukajaza mitungi, kisha tukaingia barabara ya murram isiyo na lami, na nyuma yetu vumbi likasimama refu kama ukuta. Kila penye mashimo vyombo viligongana ndani ya kabati na mimi niligeuka kuona kama nyumba bado inatufuata. Watoto wa shule walikimbia kando yetu wakipiga kelele, "Nyumba! Nyumba inaenda!" Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alivua kofia, kama vile msafara wa mazishi unapita, kisha alipoona ni wanawake wawili akaivaa tena. Ndunge alicheka mpaka akasimamisha gari. Tulikula muthokoi baridi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye sufuria moja, tumekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, miguu ikining'inia. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa mto, na hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyejua tuko wapi. Niliwaza kwamba wanaume wa kwetu wameishi hivi siku zote, wakienda na kurudi bila kuulizwa, na hakuna aliyewahi kutuambia jinsi chakula kinavyokuwa kitamu ukikila bila kuulizwa.

Tulipiga kambi kabla ya kufika Kivaa kwenyewe, kwenye uwanja mkavu wenye migunga michache kando ya korongo. Habari ya kufika kwetu ilitutangulia kama kawaida, kwa hiyo kabla chai haijachemka kina mama walikuwa wamefika, wakiongozwa na Kalekye, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Walijazana karavani kujaribisha. Sare zilikuwa zimepigwa bandi tu, mikono mingine haijashonwa, pini kila mahali. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima pindo la mmoja wao niliposikia mngurumo. Nikachungulia dirishani. Trekta jekundu lilikuwa likija juu ya nyasi, dereva kijana akiwa amevaa gambuti, na Kilonzo na Muia wamesimama nyuma yake wameshikilia vyuma vya kukinga matairi.

Ndunge alikuwa nje kwenye jiko. Hakusimama. Kilonzo alishuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Shemeji, tumekutafuta sana."

"Mmenipata. Karibuni."

"Hatujakuja kukaribishwa. Hii ni mali ya ndugu yetu, inarudi nyumbani. Na wewe panda gari, twende. Umetutia aibu ya kutosha. Mke wa kwetu analala porini kama mchunga mbuzi!"

"Mchunga mbuzi ni mtu gani mbaya?" Ndunge akauliza. "Babako hakuchunga?"

Muia aliangalia chini. Kilonzo akapandisha sauti. "Mutinda aliacha hii nyumba."

"Mutinda aliikuta na kuku. Hizi mbao za sakafu nilishika mimi akipiga misumari. Niulize msumari wowote, nitakwambia ulipindika au haukupindika. Wewe ulikuwa wapi, Kilonzo? Ulikanyaga gereji siku gani, ukiacha ile ya kuja kuhesabu spana?"

Nilikuwa nimetoka nje na tepu shingoni. Kilonzo alimgeukia dereva, akamwambia arudishe trekta nyuma waichukue. Trekta likaanza kurudi nyuma, likitoa moshi, kuelekea ule mkono wa chuma wa kuvutia karavani, ambao tulikuwa tumeufungua kutoka kwa pikapu tulipofika na kuuegemeza kwenye jiwe. Mimi nilikwenda nikakaa juu yake. Sisemi nilikuwa shujaa. Kukaa ndiko kulikokuwa rahisi kuliko kusimama. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua, kikanichoma mapaja kupitia nguo.

"Ondoka hapo, msichana," Kilonzo akasema.

"Siondoki."

"Wewe si mtoto wa yule mzee wa pale juu ya shule? Nitamwambia babako."

"Mwambie niko Kivaa."

Na kweli alimwambia. Baba alikuja baadaye, wiki kadhaa zilipopita, na fimbo yake na koti lake la Jumapili. Alikaa kwenye benchi yetu, akala kuku, akatazama shati nililomshonea mwalimu mkuu wa shule ya karibu, akaligeuza nje ndani akitafuta kosa. Hakulipata. Akaniuliza nitarudi lini, nikamwambia nitakapokuwa nimejua kazi. Akasema mimi ni mkaidi. Nikamwambia ndiyo, Baba. Akaondoka, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwetu aliyenitafutia mume tena. Nilijitafutia mwenyewe, nilipotaka.

Lakini siku ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba tairi la trekta lilikuwa refu kuliko mimi, na lilikuwa linakuja. Nililiona tope lililokauka kwenye mifereji yake. Nilimsikia Ndunge akiliita jina langu, mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikuinuka. Trekta likasimama karibu na magoti yangu kiasi kwamba ningeweza kulikumbatia, na dereva akazima injini. Akashuka, akavua kofia, akamwambia Kilonzo, "Mzee, mimi nimeitwa kuvuta gari. Kukanyaga mtoto wa watu sijaitwa."

"Washa!"

"Aiee. Washa wewe."

Hapo mlango wa karavani ukafunguka na Kalekye akajaza nafasi yake yote. Alikuwa na sare iliyokuwa na mkono mmoja tu, na pini zimemsimama kifuani kama miiba ya mgunga. Nyuma yake nyuso za wenzake zilikuwa zimebanana. "Wazee," akasema, "sisi tuko ndani. Nguo zetu ziko ndani, na nusu yetu hatujavaa vizuri. Anayetaka kuvuta hii nyumba atuvute na sisi, mpaka kwao, na akifika amweleze mkewe ametoa wapi wanawake wengi hivyo." Akafunga mlango. Tukasikia kicheko ndani, kisha komeo.

Wanaume wale walisimama juani. Siwezi kusema waliona haya. Kilonzo hakuwa mtu wa kuona haya. Lakini hakujua la kufanya, na jua la Kivaa halimngoji mtu afikirie. Ndunge akamimina chai katika vikombe vitatu, akatia sukari kwa mkono wake mzito, akawapelekea mmoja mmoja, dereva kwanza. Alipomfikia Kilonzo akamwambia, bila ukali, "Kunywa, shemeji. Kwangu mgeni haondoki na kiu." Niliona neno hilo lilivyomwingia. Alikitazama kikombe. Kama angekikataa angekuwa amekataa chai ya mke wa nduguye mbele ya watu, na kama angekinywa, basi alikuwa mgeni, na nyumba ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa na kiu. Akanywa.

Ningependa kuishia hapo, na wale wanaotaka hadithi za ushindi wangependa pia. Lakini haikuwa hivyo. Muia, ambaye siku nzima hakusema neno, alirudisha kikombe chake, akashukuru kwa adabu, kisha akatembea hadi kwenye pikapu. Funguo zilikuwa ndani. Kadi ya gari ilikuwa ya jina la Mutinda na sote tulijua. Akawasha, Kilonzo akakimbia akapanda kando yake, na pikapu ikaondoka juu ya nyasi na mlango wake wa nyuma ukipigapiga, ule tuliokuwa tumekalia mchana tukila. Ndunge aliikimbilia hatua kadhaa bila viatu, kisha akasimama. Sikumwona akilia siku ya mazishi ya Mutinda. Siku hiyo alilia, akiwa amewapa kina mama mgongo, mikono kiunoni, mpaka vumbi likatulia. Dereva wa trekta alisema pole, akasema angetuvuta yeye lakini trekta ni la tajiri wake na ameshachelewa, akaenda. Kina mama wakatoka karavani. Ndunge akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akageuka, akamwambia Kalekye, "Njoo nimalize huo mkono."

Watu waliniambia baadaye kwamba pale ndipo tungerudi nyumbani. Nyumba haina cha kuivuta, chakula ni kidogo, na tuko uwanja wa watu. Hata mimi, tulipokuwa tukila ugali na mboga za kunde jioni ile, nilimuuliza tutafanyaje. Alitafuna, akameza. "Wamechukua gari," akasema. "Barabara wameichukua?" Akajitia mboga nyingine. Nilidhani ni maneno tu ya kujipa moyo. Sikujua kwamba Kalekye alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, na mumewe alikuwa na maksai wa plau.

Walikuja asubuhi, maksai wanne, wawili wa Kalekye na wawili wa jirani yake, na nira na mnyororo, na nusu ya Kivaa nyuma yao kutazama. Mume wa Kalekye, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, aliizunguka karavani mara mbili akiigonga gonga kama anayenunua ng'ombe, kisha akafunga mnyororo kwenye mkono wa chuma. Akauliza ni nani atakayeongoza mbele, na vijana kadhaa wakajitokeza. "Huyu," Ndunge akasema, akinisukuma. Mzee akasema msichana haongozi maksai. Ndunge akamwambia, kwa heshima zote, kwamba jana trekta lilishindwa naye. Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka, akanipa kamba. Ilikuwa imelowa umande na mate ya ng'ombe. Nikaivuta. Hakuna kilichotokea. Kalekye akapiga mluzi, maksai wakainamisha vichwa, mnyororo ukakaza, na nyumba yetu ikatoa mlio kama wa mtu anayeamka, ikaanza kutembea.

Mwaka ule wote uliobaki tulitembea hivyo, tukikodi ng'ombe kijiji hadi kijiji, polepole kuliko mtu mwenye mzigo, na hakuna trekta lililotufuata tena. Lakini asubuhi ile nilikuwa sijui hata kama tutafika kanisani. Niligeuka kumtafuta Ndunge katika umati, nikidhani anatembea nasi, nisimwone. Nikapaza sauti, "Aunti! Hutembei na sisi?" Akachungulia dirishani, uzi mdomoni. "Askofu anakuja kesho," akasema. "Wewe angalia mbele." Kisha nikasikia cherehani ikianza, ikisimama penye mashimo na kuendelea penye tambarare, nyuma yangu, njia nzima mpaka Kivaa.